Uhakiki wa Istilahi: "Homa ya Ini Sugu"

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizokwisha kuenea, "homa ya ini sugu" yastahili kuhakikiwa kwa ukali, kwani humpotosha msomaji mara mbili katika maneno manne.

Mtu aliyeambukizwa kirusi cha hepatitisi B utotoni aweza kuishi miaka 30 bila homa wala macho ya manjano, na huku ini lake linaharibika. (Wapiga chapa waangalie: Kirusi chenye herufi kubwa ni lugha ya Moscow.) Hata hivyo neno "homa" limezoewa na umma, na kulibadili liwe "uvimbe" kungezidisha utata, maana saratani nayo huitwa uvimbe. Mfasiri atakayeandika kwamba uvimbe wa ini huleta uvimbe wa ini atakuwa hajasema kitu. "Homa" na ibaki.

Neno la hatari hasa ni "sugu". Twasema malaria sugu, kifua kikuu sugu, tukikusudia maradhi yaliyoshinda dawa. Hapa waganga wakusudia jambo jingine kabisa: maambukizo yaliyodumu zaidi ya miezi 6. Mgonjwa akisoma "sugu" hudhani dawa hakuna, asirudi tena kupimwa. Kumbe dawa kama tenofoviri huzuia virusi kuzaana na kupunguza hatari ya saratani. Yafaa tuseme "ya muda mrefu", basi.

Ama "mbebaji", neno hili lamfanya mwenye virusi kuwa kama hamali, apitaye na mzigo usiomhusu. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia watu 3,653 wenye maambukizo hayo, ulionyesha kinyume. Wale ambao mwanzoni walikuwa na nakala zisizofika 300 za kirusi katika mililita moja ya damu, uwezekano wao wa kupata saratani ya ini katika miaka 13 ulikuwa 1.3 kwa mia. Wenye nakala milioni moja au zaidi, 14.9 kwa mia. Ndiyo sababu twaipendelea istilahi "wingi wa virusi" kuliko "mzigo wa virusi". Wingi hupimwa, na huweza kupunguzwa. Mzigo kwa Kiswahili ni taabu tu.

Limebaki neno "aina", lililotwishwa kazi mbili. Hepatitisi ina aina A, B, C na kuendelea. Kisha kirusi B chenyewe chagawanyika katika makundi ya kijeni yaliyopewa herufi zizo hizo. Huko Taiwan kundi C limeonekana kuleta saratani zaidi kuliko kundi B, na kwetu Afrika Mashariki lililoenea ni kundi A. Sasa mwalimu afundishe nini akikuta "homa ya ini aina ya B, aina ya A"? Atadhani mgonjwa ana maradhi mawili. Lugha yetu ina neno "nasaba", linalobeba maana ya ukoo na asili bila kuchanganyika na "aina". Twapendekeza liandikwe hivi: kirusi cha hepatitisi B, nasaba A.