Jini Gani Anakula Nondo? Kumsoma Upya Bwana Msa

Mtaani kwetu hapa Kawe palikuwa na pagale moja ambalo watoto hawakupita karibu yake jua likishazama. Ilisemekana lina jini. Usiku ulikuwa unasikia chuma kinagongwa, kimya kidogo, halafu kitu kizito kinaburutwa. Mama wa genge akawa anafunga mapema. Mzee mmoja akatuletea historia nzima ya kaburi lililokuwepo pale kabla viwanja havijapimwa. Mambo yakaenda hivyo mpaka mwenye nyumba aliporudi safari, akakuta nondo zilizokuwa zimechomoza juu ya nguzo zimekatwa zote, na rundo la milimita 12 alilolihifadhi ndani halipo. Bibi jirani yetu, ambaye riwaya hazimhusu kabisa, ndiye aliyeuliza swali lililofunga mjadala: "Jini gani huyo anakula nondo?"

Tulicheka sana. Ila mimi niliingia ndani nikakitoa kabatini *Mzimu wa Watu wa Kale*, maana swali la bibi ndilo swali la Bwana Msa.

Kwa wasiomjua: Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alifanya kazi idara ya afya kama mkaguzi, yaani bwana afya. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Zikafuata *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974) na nyingine. Mpelelezi ni Bwana Msa, mtu wa kiko, mtulivu, mwenye maneno. Rafiki yake ni Najum. Na jina Msa ni utani wa wazi: ni herufi za mwanzo za jina la mwandishi mwenyewe, halafu papo hapo ni Musa, lilivyofupishwa midomoni mwa watu wa pwani.

Kila anapotajwa, kuna mtu atasema: "Huyu si kamkopi Sherlock Holmes tu?" Kiko kile kile, rafiki yule yule wa kushangaa, polisi wale wale wanaochelewa kuelewa. Sibishi. Kukopa kupo, tena hakujafichwa. Lakini wanaotoa shutuma hii huwa wanahesabu vilivyokopwa tu, hawaulizi vimekwenda kufanya kazi gani upande wa huku.

Tuanze na jina la kitabu. Kwa Kiswahili mzimu ni roho ya aliyekufa, na pia ni mahali panapopelekewa sadaka. Maiti inakutwa kwenye mzimu. Hapo hapo lugha yenyewe imeshamtaja mtuhumiwa. Ukisema "kafia mzimuni" umetaja mahali, lakini anayekusikiliza ameshasikia nani kamuua. Mwandishi hakuhitaji hata sentensi moja ya uongo ili kutupoteza njia. Amelitumia neno ambalo tayari lina maana mbili, akatuacha tukimbilie ile ya kutisha.

*Kisima cha Giningi* inafanya hivyo hivyo. Katika simulizi za Unguja na Pemba, Giningi ni mji wa wachawi, mahali ambapo mtu wa kawaida haendi akarudi salama. Anayezijua simulizi hizo akiona jina tu nywele zinasimama. Asiyezijua anaona kisima. Sasa niambie, kati ya hao wawili, nani yuko karibu zaidi na ukweli wa kesi ya mauaji?

Hapa nataka kumlinganisha na riwaya ya mbali kidogo, kwa sababu nayo inachanganya upelelezi, vichekesho na mambo ya ajabu. Mwaka 1987 Mwingereza Douglas Adams alitoa *Dirk Gently's Holistic Detective Agency*. Mle kuna sofa lililokwama kwenye ngazi, halipandi wala halishuki. Kuna mashine ya kusafiri kwenye wakati. Kuna mizimu, na ni mizimu ya kweli. Halafu kuna mshairi Coleridge. Msomaji anayejua kwamba shairi lake la "Kubla Khan" lilibaki bila kumalizika ndiye anayegundua mapema kwamba kuna kitu hakiko sawa, maana ndani ya riwaya watu wanalizungumzia kana kwamba lina sehemu ya pili. Kwa Adams, kujua fasihi ya zamani ni ufunguo. Aliyesoma anatangulia.

Kwa Muhammed Said Abdulla mambo yamegeuzwa. Kujua masimulizi ya zamani ndiyo mtego wenyewe. Kadiri unavyoijua mizimu, Giningi na hadithi za bibi, ndivyo unavyopotea haraka, kwa sababu muuaji naye anazijua, au walau ananufaika na sisi kuzijua. Adams anamwambia msomaji wake: kumbuka ulichosoma. Bwana Msa anatwambia: kumbuka ulichosimuliwa, kisha jiulize nani anafaidika ukikiamini leo.

Ndiyo maana naona Holmes ni mzazi mmoja tu wa Bwana Msa. Mzazi wa pili ni Abunuwasi. Kisa cha maskini aliyekula chakula chake kwa harufu ya nyama ya tajiri tunakijua tangu shule: tajiri anadai malipo, na Abunuwasi anamlipa kwa mlio wa fedha. Hakubishana kama harufu ina bei. Aliikubali hoja ya tajiri, akaivuta mpaka ikachekesha. Bibi wa mtaani kwetu alifanya hicho hicho. Hakusema majini hayapo. Bibi anaswali, hawezi kusema hivyo. Alichosema ni kwamba haya basi, jini lipo, sasa tueleze chuma linapeleka wapi. Huo ni upelelezi wa kwetu, na kicheko ndicho kifaa chake. Hofu haivunjwi kwa kuambiwa "wewe mjinga". Inavunjwa pale unapoifuata mpaka mwisho ukakuta imefika kwa mnunua vyuma chakavu.

Na Najum je? Wengi wanamwona ni Watson wa Unguja, na kazi hiyo kweli anaifanya: anauliza lile ambalo sisi tungeuliza. Lakini jina lake limekaa jirani sana na unajimu, elimu ya kusoma nyota, na mimi siamini ni bahati mbaya. Tunao marafiki wawili basi: mmoja jina lake linanong'ona habari za nyota, mwingine anatazama yaliyo chini, kwenye mchanga, mlangoni, kwenye nguo. Wanapendana, wanataniana, hawaachani. Mwandishi hakumfukuza Najum hadithini ili hoja ishinde. Kamweka kwenye kiti cha pembeni na kahawa yake.

Utasema ni mchezo wa fasihi tu. Hapana. Kanda ya Ziwa wameuawa bibi vizee kwa miaka mingi wakiitwa wachawi, na ushahidi uliotolewa mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko, kuni na samadi, miaka na miaka ya kupikia watoto na wajukuu. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipoenea Pemba na Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Unguja. Hawa wote walikufa kwa sababu watu waliona dalili ya kweli wakaisoma vibaya. Holmes anasoma majivu ya sigara, anasifiwa. Umati unasoma macho ya bibi, anazikwa mtu. Tofauti yao ni lile swali moja la kuchosha la bwana afya: hiki kimetokana na nini hasa?

Kwa hiyo Adams anaweza kuuacha mzimu wake uwe wa kweli tukacheka naye, maana London hakuna atakayepigwa mawe kwa ajili yake. Muhammed Said Abdulla hakuwa na anasa hiyo. Huku kwetu mwandishi akiuacha mzimu bila kuuliza chochote, kuna bibi wa kweli analipia.

Hata hivyo sitamsafisha kabisa. Kuna mahali Bwana Msa anavyoongea na watu wa shamba panauma. Anajua, wao hawajui, na kiko kinatoa moshi. Tukikumbuka kwamba kitabu cha kwanza kilishinda shindano wakati wa ukoloni, ni haki kuuliza nani alifurahi kuona imani za Waswahili zikifanyiwa mzaha. Mimi jibu langu ni kwamba mzaha wake unakuwa mzuri pale tu unapomlenga anayeitumia hofu, na unachacha pale unapomlenga anayeogopa. Yote mawili yamo kitabuni. Msomaji makini atayatenganisha, kama mtu anavyochambua mchele.

Baadaye wapelelezi wetu walibadilika. Willy Gamba wa Elvis Musiba alikuja na bastola, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa akafuata. Nawapenda wote wawili, nimewasoma ndani ya daladala mpaka nikapitiliza kituo. Ila adui zao ni majasusi na majambazi, watu wa kupigana nao. Bwana Msa alikuwa na adui mgumu zaidi: lile jambo ambalo mtaa mzima umeshakubaliana.

Pagale letu siku hizi lina bati na mlinzi. Watoto wanacheza mpira mbele yake. Yule mzee wa kaburi bado anasema jini lilikuwepo, lilihama tu. Na bibi humjibu kila mara bila kuinua macho kwenye mchicha wake: "Lilihama na nondo zake."