Neno Moja Kinywani mwa Shujaa: Lugha ya Kisasa na Uamuzi wa Mhusika katika Fantasia ya Kitendi

Sehemu hii inashughulikia malalamiko mawili ambayo wasomaji wa riwaya za kifantasia zenye umbo la utendi huyatoa mara kwa mara, na ambayo kwa kawaida wahakiki huyaweka katika mafungu tofauti. La kwanza ni kwamba mhusika amefanya uamuzi usiolingana na alivyosawiriwa tangu mwanzo. La pili ni kwamba mhusika anazungumza kama mtu wa leo. Lalamiko la kwanza huhesabiwa kuwa la usawiri na msuko, nalo husikilizwa. La pili huhesabiwa kuwa la mtindo, na aghalabu huachwa kama suala la ladha tu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika matini zilizo nzito malalamiko haya mawili hukutana: msomaji anapolikataa neno, mara nyingi anachokikataa ni njia ambayo mhusika ameipita hadi kufikia uamuzi wake.

Mfano unaochunguzwa ni riwaya ya Brandon Sanderson, Wind and Truth, iliyotoka mwaka 2024. Hiki ni kitabu cha tano cha mfululizo wa The Stormlight Archive ulioanza na The Way of Kings mwaka 2010. Matukio yanafanyika katika dunia ya kubuni iitwayo Roshar, dunia ya tufani kuu, viapo, na majeshi ya mikuki na panga. Kaladin, mmoja wa wahusika wakuu, ni mtoto wa tabibu mpasuaji. Alifundishwa kuponya, akaenda vitani ili amlinde mdogo wake, akashindwa kumlinda. Baadaye akapigwa chapa ya utumwa na kupelekwa kubeba madaraja ya vita. Katika kitabu cha tano anafuatana na Szeth, muuaji wa zamani aliyevunjika moyo, kwenda nchi ya Shinovar. Anapofika mbele ya Ishar, mmoja wa wazee wa kale wa dunia hiyo, na kutakiwa aseme yeye ni nani kwa Szeth, anajitambulisha kwa neno la Kiingereza cha leo, "therapist", yaani mtaalamu wa kutibu nafsi kwa mazungumzo. Neno hilo amelipata kwa Wit, msafiri wa dunia nyingi.

Wasomaji wengi walicheka mahali ambapo mwandishi alitaka waguswe. Tangu hapo mashabiki wamegawanyika, na mgawanyiko wao hauishii kwenye neno. Wapo wanaosema Kaladin alipaswa kubaki askari; kuweka mkuki chini ni kumgeuza mtu mwingine. Wapo wanaosema uamuzi wake ni sahihi ila umesemwa vibaya. Wapo pia wanaoona hakuna kasoro yoyote, kwa kuwa Roshar si Ulaya ya kale na hakuna sababu ya kuidai lugha ya kale.

Kundi hili la tatu lina hoja nzito kuliko inavyodhaniwa, na inafaa ianze. Wanasema: watu wa Roshar hawazungumzi Kiingereza. Tunachosoma ni tafsiri ya kubuni, na mtafsiri ana haki ya kutumia lugha ya wasomaji wake. Hoja hii ina nasaba ya heshima. J. R. R. Tolkien mwenyewe, katika nyongeza ya mwisho ya The Return of the King ya mwaka 1955, anadai kwamba kitabu chake kimetafsiriwa kutoka lugha ya wahusika. Anaeleza hapo kwamba lahaja ya wahobiti ilikuwa imepoteza namna ya heshima ya kumwambia mtu "wewe", na hivyo Pippin alipofika Gondor alimwita kila mtu kwa namna ya kirafiki, hata mtawala Denethor. Watu wa mji wakadhani huyu lazima ni mwana wa mfalme katika nchi yake. Kiingereza hakikuweza kuubeba utani huo, ndiyo maana umebaki katika nyongeza.

Hata hivyo, mfano huo unawasuta wanaoutegemea. Kwa Tolkien, wazo la tafsiri linamwongezea mwandishi mzigo. Akishadai kuwa anatafsiri, lazima ajue neno la asili lilikuwa na uzito gani, lilisemwa na nani kwa nani, na nini kimepotea njiani. Anayesema "ni tafsiri tu" ili afunge mjadala ameiacha nusu ngumu ya kazi ya mtafsiri.

Swali hilohilo Tolkien aliwahi kulikabili moja kwa moja. Katika rasimu ya barua ya mwaka 1955 kwa Hugh Brogan, aliyekuwa amelalamikia lugha yake ya kikale, alichukua maneno ya Mfalme Théoden anapoamua kwenda vitani mwenyewe ingawa ni mzee, akayaandika upya kwa Kiingereza cha kila siku. Kisha akaonesha kuwa matokeo yake ni uongo: mtu anayezungumza hivyo hafikiri hivyo. Mzee wa leo angeweza kusema kwamba ataenda, lakini sababu zake zisingekuwa zile za Théoden, kwa maana fikra ya kufa katika mstari wa mbele na kulala vizuri zaidi kaburini haina makao katika usemi wa leo. Hapa ndipo mtindo na uamuzi vinaposhikana. Kumbadilishia Théoden lugha ni kumwondolea sababu, na uamuzi usio na sababu ni tukio la msuko tu.

Ursula K. Le Guin alifika karibu na hapo kwa njia ya mzaha mkali. Katika insha yake ya mwaka 1973, From Elfland to Poughkeepsie, alichukua mazungumzo kutoka riwaya ya kifantasia ya wakati wake, akabadilisha majina na maneno machache, na mara mabwana wa kifalme wakawa wanasiasa wa Washington bila kitu chochote kuharibika. Kwake mtindo si pambo linalopakwa juu ya hadithi iliyokwisha kuiva. Ni sharti kukiri kwamba insha hiyo ina ukali unaopita kiasi katika baadhi ya mahali, na imewapa wasomaji wengi fimbo ya kumchapia kila mwandishi asiyeandika kama watu wa karne zilizopita.

Fimbo hiyo haifai hapa, na ushahidi wa kutofaa kwake umo katika mfululizo wenyewe. Lift, msichana mwizi anayeonekana kwanza katika Words of Radiance (2014) na kupewa hadithi yake katika Edgedancer (2016), huziita nguvu zake kwa neno "awesome" na viambajengo vyake, neno ambalo kijana yeyote wa Marekani hulitumia leo. Kwa kipimo cha usasa pekee, neno hilo ni kosa kubwa kuliko la Kaladin. Lakini linamkaa Lift kama kandambili mguuni mwa mtoto wa mtaa. Limetoka kwake, linaonesha kiburi na woga wake kwa pamoja, na halimwamulii kitu. Kwa hiyo tatizo si umri wa neno.

Tatizo linaonekana tukirudi nyuma kitabu kimoja. Katika Rhythm of War (2020), Kaladin ameondolewa katika utumishi wa kijeshi kwa sababu nafsi yake imechoka. Anakwenda kutafuta watu walioharibiwa akili na vita, na anawakuta wakiwa wametunzwa na watawa katika vyumba vya giza, kila mmoja peke yake, kwa imani kwamba giza na utulivu ndiyo dawa. Anamtoa Noril na wenzake, anawaweka mahali penye mwanga, na kuwaachia wazungumze wao kwa wao. Hali yao inaitwa kwa jina linalotokana na vita, si kwa jina la kliniki. Hakuna anayetangaza uvumbuzi. Kaladin anafanya hivyo kwa sababu baba yake alimfundisha kumwangalia mgonjwa kabla ya kuangalia desturi, na kwa sababu yeye mwenyewe anakijua kile chumba cha giza. Kila hatua ya uamuzi inatokana na maisha tuliyoyasoma.

Neno la kitabu cha tano linafanya kinyume. Linakuja likiwa limekamilika, kutoka nje ya Roshar, kwa mkono wa mtu anayejua dunia nyingine, na linampa Kaladin kwa mkopo kile alichokwisha kukipata kwa jasho. Msomaji aliyefuata mapambano ya Noril anahisi kwamba kazi ya mikono imewekewa lebo ya dukani. Kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, upeo wa matarajio uliojengwa na vitabu vinne haukupanuliwa, bali umebadilishwa ghafla na upeo wa msomaji wa leo mwenyewe, na kicheko ni sauti ya mabadiliko hayo. Kwamba Wit anaruhusiwa na kanuni za hadithi kulijua neno hilo ni kweli. Ruhusa ya kanuni, hata hivyo, haitoshi kulifanya neno liwe la Kaladin.

Jaribio moja la tafsiri linaweza kutusaidia. Tukitaka kulileta tukio hili katika Kiswahili, neno lipi lisimame hapo? "Mshauri nasaha" lina harufu ya ofisi, na lingechekesha zaidi kuliko la asili. "Mganga" lingembadilisha Kaladin: lingemweka katika mstari wa watu wanaoogopwa na kuheshimiwa, wanaoponya mwili na nafsi bila kuvitenganisha, na Ishar angelielewa mara moja, pengine vibaya. Mtafiti anakiri kuvutiwa na uwezekano huo. Washairi wetu hawakuwa na wasiwasi juu ya jambo hili. Katika Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, Heraklio na majeshi yake wanasema Kiswahili cha Pate, na usemi huo unabeba imani na hofu za watunzi na wasikilizaji wake bila kuazima kitu. Usasa wa lugha kwao haukuwa kosa kwa sababu lugha na sababu za kutenda zilitoka chungu kimoja.

Kwa upande wa uamuzi wenyewe, mtafiti hakubaliani na wanaotaka Kaladin arudi vitani. Shujaa aliyeanza kama mwanafunzi wa tabibu na kuishia kumtibu adui wa zamani hajasalitiwa na mwandishi; amerudishwa alikotoka. Usomaji wetu wa kwanza, kabla ya kulinganisha vitabu viwili hivi bega kwa bega, ulilichukulia lalamiko la lugha kuwa kero ya wapenda mambo ya kale. Ulinganisho ndio uliotulazimisha kubadili msimamo, kwa kuwa walalamikaji wengi walikuwa wakiutetea uamuzi wa Kaladin bila kujua: walitaka aufikie kwa neno lake. Na neno hilo lilikuwepo. Tangu kitabu cha kwanza, Kaladin amekuwa akiwauliza watu majina yao kabla ya kuwafunga majeraha. Ishar alipomuuliza yeye ni nani kwa Szeth, jibu la tabibu mpasuaji, mtoto wa tabibu mpasuaji, lilikuwa tayari limeandikwa katika maelfu ya kurasa zilizotangulia.