Honi, Kinanda na Fundi Redio: Sauti ya Mchiriku Ilivyotengenezwa

Lawama ya siku nyingi dhidi ya mchiriku, muziki wa uswahilini wa Dar es Salaam, ni kwamba unapigwa kwa vyombo vibovu. Kinanda kinachanika, spika zinalia kama za gari la matangazo, na maneno ya mwimbaji yanafika nusu. Wanaolaumu hivyo wana masikio mazuri, ila wamekosea chanzo. Ukikifuatilia kila kifaa kuanzia kinanda hadi mdomo wa spika, unakuta mpango uliokamilika: sauti ile inatokana na mafundi redio wa uswahilini waliojua wanataka nini, wakachagua vifaa na kuvirekebisha mpaka vikawapa walichotaka. Kwa hiyo fundi anastahili kutajwa pamoja na mtunzi na mpiga ngoma.

Kwanza tuone walikuwa na nini mkononi. Muziki wa dansi ulitegemea vyombo vya mwajiri. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa alilopiga lilirudi stoo. Kijana wa Mwananyamala au Mbagala aliyetaka kundi lake hakuhitaji gitaa peke yake, bali la solo, la rizimu na la besi, amplifaya ya kila moja, na ukumbi. Kinanda kidogo cha Casio, cha aina iliyoanza kuuzwa miaka ya 1980, kiliondoa mzigo huo wote kwa sababu kinatumia betri, kinabebwa kwapani na hakipotezi tuni. Mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, ulichipuka kwenye ngoma za Wazaramo na kushika mitaa miaka ya 1990. Jagwa Music ya Mwananyamala ikaufikisha Ulaya, na albamu yake Bongo Hotheads ikatolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012.

Kinanda hicho peke yake kina sauti nyembamba na ya upole, inayotosha chumba kimoja. Kazi ya fundi inaanzia hapo. Tuchukue amplifaya ndogo ya volti 12, ya aina inayofungwa kwenye gari. Kwa mzunguko wa kawaida, wimbi la sauti lina volti 6 za kupanda na 6 za kushuka, na kwenye spika ya omu 8 hiyo ni kama wati 2 tu kabla sauti haijaanza kuchanika. Wati 2 kwenye spika ya nyumbani, inayotoa takriban desibeli 88 kwa wati moja ukiipima umbali wa mita moja, zitafika mita 20 zikiwa na desibeli 65 hivi, yaani sauti ya watu wanaozungumza. Watu mia wakicheza uwanjani hawataisikia. Sasa weka honi, zile spika za tarumbeta zinazofungwa kwenye minara ya misikiti. Honi nzuri hutoa desibeli 106 au zaidi kwa wati ile ile. Mita 20 mbele unapata desibeli 83 bila kuongeza betri wala kubadili transista. Ili spika ya nyumbani ifikie hapo ingehitaji nguvu zaidi ya mara 60. Fundi aliyechagua honi aliokoa fedha ambazo kundi lake halikuwa nazo, na aliokoa kwa hesabu sahihi.

Honi ina gharama yake. Haitoi besi, chini ya hezi 400 hivi inakata, na ukiilazimisha, kiwambo chake chembamba kinapasuka kwa sababu hewa ndani ya tarumbeta haikizuii tena. Kinga yake ni kapasita inayofungwa kwa mfululizo na spika. Kapasita mbili za mikrofaradi 100 zikiunganishwa mgongo kwa mgongo, hasi kwa hasi, zinafanya kazi kama moja ya mikrofaradi 50, na kwenye spika ya omu 8 zinapunguza kila kilicho chini ya hezi 400. Ni vipande viwili vinavyopatikana kwenye redio yoyote iliyokufa, na lehemu sehemu tatu. Kinachopita ni masafa ya kati na ya juu, na sikio la binadamu lina makali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Besi inatoka kwa ngoma za ngozi, ambazo hazihitaji umeme. Kinanda kinakaa juu, ngoma inakaa chini, na kigoda kinachogongwa kwa fimbo kinapita katikati bila kugombana na yeyote. Mafundi wa kumbi kubwa hutumia mashine za bei kubwa kugawanya masafa namna hiyo.

Bado hatujaeleza kuchanika kwenyewe. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, kilele cha wimbi kinakatwa bapa. Wimbi la mviringo linaelekea kuwa la mraba, na wimbi la mraba lenye kimo kile kile lina nguvu maradufu, kwa hiyo kundi linapata hadi desibeli 3 za ziada kutoka kwenye betri ile ile. Wimbi hilo pia linazaa sauti nyingi za juu ambazo kinanda hakikuwa nazo, na honi inazipokea kwa furaha. Ila noti mbili zikiingia pamoja kwenye amplifaya iliyosukumwa hivyo, zinazaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, na kodi nzito, yaani noti nyingi kwa mpigo mmoja, inageuka tope. Sikiliza sasa kinanda cha mchiriku: mstari mwembamba, noti zinazofuatana kwa kasi, kipande kifupi kinachorudiwa mpaka wachezaji wapandishe mori, kama magitaa ya dansi yanavyozunguka wimbo unapofika kwenye chemko. Mpigaji anapiga kile ambacho amplifaya yake inaweza kukisema vizuri. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu unaonyesha utunzi na umeme vikifundishana.

Atatokea msomaji aseme ninaipamba shida: watu hawakuwa na fedha, wakatumia walichopata, basi. Kweli hawakuwa na fedha. Lakini umaskini haumwambii mtu achague honi badala ya spika ya redio kaseti, ambayo ilikuwa karibu zaidi na rahisi zaidi. Na vyombo bora vilipopatikana, sauti haikubadilika. Jagwa walipopanda majukwaa ya Ulaya yenye mitambo mizito, hawakwenda na kinanda kikubwa cha studio. Singeli, iliyofuata nyuma ya mchiriku, inatengenezwa kwa kompyuta inayoweza kutoa besi ya kutikisa kuta, lakini watayarishaji kama wale wa Sisso Studios ya Mburahati wamebaki na kinanda chembamba chenye makali, wakikiendesha kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mtu hang'ang'anii kasoro wakati ana uhuru wa kuiacha.

Wala uswahilini hawakuwa peke yao. Link Wray wa Marekani alitoboa spika za amplifaya yake ili kupata sauti ya Rumble, mwaka 1958. Dave Davies wa Uingereza alichana spika yake kwa wembe, na mlio huo ukasikika dunia nzima mwaka 1964 katika You Really Got Me. Kinshasa, kundi la Konono No. 1 lilitengeneza maikrofoni za likembe, ala inayopigwa kwa vidole gumba, kwa sumaku za vipuri vya magari na kutumia honi zile zile. Sauti ya gitaa la umeme tunayoijua leo imechangiwa na watu waliofungua amplifaya zao wenyewe. Wa London aliitwa mbunifu. Wa Kinondoni anaambiwa vyombo vyake vibovu.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi, na hapo ninawapa wakosoaji haki yao. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu. Anayesimama mita 2 mbele ya ile honi ya wati 2 anapokea kama desibeli 103, na kwa kipimo hicho anapaswa kuondoka baada ya dakika 7 au 8. Watoto hukaa hapo usiku kucha. Dawa yake ni nguzo: honi ikipandishwa juu ya paa na kuinamishwa kidogo, wa mbele wanapona na wa nyuma wanasikia zaidi. Umeme wa gridi nao ni habari tofauti na betri. Fyuzi iliyozibwa kwa kipande cha waya, au amplifaya isiyo na waya wa ardhi huku mwimbaji ameshika maikrofoni ya chuma, ni volti 230 zinazotafuta njia ya kupita mwilini. Na anayefungua amplifaya ya kale ya valvu ajue kuwa kapasita zake hubaki na volti 300 au 400 hata plagi ikiwa imechomolewa. Zitolewe chaji kwa rezista, na mita ithibitishe, kabla kidole hakijaingia.

Hatari hizo zinarekebishika bila kuigusa sauti, na hapo ndipo mafundi wa sasa wa Temeke na Kinondoni wanapaswa kuwa waangalifu. Amplifaya ya kundi la mchiriku ikiletwa mezani, badilisha waya wa umeme, rudisha fyuzi halisi, funga waya wa ardhi. Lakini kabla ya kung'oa kapasita au transista iliyo kwenye njia ya sauti, chora mzunguko wake wote kwenye karatasi na uandike thamani ya kila kipande. Nyingi kati ya amplifaya hizo hazina mchoro wa kiwandani, maana aliyezibuni alikuwa fundi wa mtaani, na akiondoka yeye, mchoro pekee uliobaki ni ule ulio ndani ya boksi.