Ufundishaji wa Stadi za Habari: Mwanafunzi wa Kiswahili Yuko Wapi?

Muhula uliopita tulisahihisha tasnifu moja ya shahada ya kwanza ambayo ilitupa taabu. Mada yake ilikuwa nzuri, yaani maneno ya Kiswahili yaliyoenea wakati wa ugonjwa wa korona, na lugha yake ilikuwa safi kuliko tulivyozoea. Tulipofika kwenye marejeleo tukakwama. Makala manne yaliyotajwa hatukuyaona popote, si rafuni, si katika katalogi, wala katika yaliyomo ya jarida lenyewe. Mmoja wa waandishi waliotajwa ni mwenzetu tunayefahamiana naye, na tulipomuuliza alicheka, akasema hajawahi kuandika kitu kama hicho. Mwanafunzi alipoitwa hakuficha. Aliiomba programu ya akili unde iliyo kwenye simu yake impe marejeleo, ikampa, naye akayanakili kama yalivyo. Kisha akatuuliza kwa unyenyekevu kabisa: "Mwalimu, kumbe marejeleo huwa yanatafutwa?"

Wapo waliotaka afelishwe bila mjadala. Sisi tuliomba apewe nafasi ya kuandika upya, na sababu yetu ni hii: kijana huyu alikuwa amesoma na kufaulu vizuri kozi ya stadi za habari ambayo kila mwanafunzi mpya huipitia. Kwa hiyo, kabla ya kumhakiki mwanafunzi, ni haki tuihakiki kozi.

Kozi yenyewe hutolewa katika majuma ya kwanza ya mwaka. Ukumbi hujaa hadi madirishani. Mkutubi mmoja, ambaye kwa kweli hufanya kazi ya watu watano, huonyesha slaidi kwa saa mbili, huwatembeza wanafunzi maktabani kwa makundi, halafu hutoa jaribio la maswali ya kuchagua jibu. Slaidi hizo zimejengwa juu ya viwango vitano vilivyotolewa na chama cha maktaba za vyuo vya Marekani, ACRL, mwaka 2000: kutambua unahitaji habari gani, kuipata, kuitathmini, kuitumia, na kuzingatia sheria na maadili ya matumizi yake. Viwango hivyo vilisaidia sana katika wakati wake. Hata hivyo, chama chenyewe kilivifuta mwaka 2016 na kuweka mahali pake mwongozo mwingine ambao hauorodheshi hatua za kufuata bali unaeleza mawazo makuu ambayo mwanafunzi anapaswa kuyaelewa. Sisi bado tunafundisha kile ambacho wenyewe wamekiacha. Si ajabu sana. Mambo mengi hutufikia yakiwa yamechakaa, tena nasi huyapokea kwa mikono miwili.

Hapa inafaa kukumbusha kwamba dhana hii inahusishwa na Paul Zurkowski, Mmarekani aliyeitumia mwaka 1974 akiwa kiongozi wa chama cha makampuni yaliyokuwa yakiuza habari. Hatusemi hivyo kwa ubaya. Tunataka tu wasomaji wetu waone kwamba dhana ilizaliwa mahali ambapo habari ni nyingi kupita kiasi, na tatizo la mtu ni kuchagua. Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda ana tatizo hilo kwa nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba kile anachokihitaji kipo, ila kimefichika.

Hata jina la somo halijatulia. Tumekutana na "ujuzi wa habari", "umahiri wa taarifa", "usomi wa habari" na mengine. Sisi tunatumia "stadi za habari" kwa kuwa ndilo lililozoeleka kwetu, ingawa kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuuliza kama atafundishwa kusoma taarifa redioni.

Tuseme ukweli kuhusu mazuri ya kozi. Mwanafunzi hutoka akijua kuingia katika hifadhidata ambazo chuo hulipia, akijua saa za maktaba, na akijua kwamba kunakili kazi ya mtu bila kumtaja ni wizi. Hayo si machache.

Kasoro huanza pale mifano yote inapokuwa ya Kiingereza, kwa sababu mbinu zinazofundishwa ni za lugha ile. Chukua mbinu ya kukata neno. Mwanafunzi huambiwa aandike *teach* kisha aweke nyota, naye ataletewa kila neno linaloanza hivyo. Mbinu hiyo inafaa kwa lugha ambayo mabadiliko ya neno hutokea zaidi mwishoni. Katika Kiswahili mabadiliko huja mbele na nyuma pia. Ukiandika *fundisha* na nyota yako, hutapata "anafundisha", hutapata "walifundishwa", wala hutapata "ufundishaji", ambalo pengine ndilo neno lililo katika kichwa cha kitabu unachokitafuta. Ukiandika "kitabu", katalogi nyingi hazitakuletea "vitabu". Wataalamu wa lugha wanalijua jambo hili siku nyingi. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki imetegemea uchanganuzi wa mofolojia uliofanywa na Arvi Hurskainen, na kwa sababu hiyo mtafiti anaweza kutafuta kwa shina la neno akapata maumbo yake. Basi mwanafunzi wetu hufundishwa ngeli asubuhi na Idara, na mchana hufundishwa kutafuta vitabu kana kwamba ngeli hazipo. Somo la mofolojia lingeweza kuwa somo la kutafuta habari, lakini hakuna aliyeyakutanisha.

Rafu nazo zina siri zake. Katika maktaba zinazofuata mfumo wa Dewey, lugha ya Kiswahili huwekwa katika 496.392 na fasihi yake katika 896.392. Mwanafunzi anayejua namba moja tu hurudi akisema hakuna vitabu. Tena, kwa kanuni za mfumo huo, tafsiri hukaa pamoja na fasihi ya lugha ilikotoka. Anayetafuta *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, huenda akaikuta kwa Shakespeare, katika fasihi ya Kiingereza, mbali kabisa na Shaaban Robert. Na huyo Shaaban Robert mwenyewe, ambaye Robert ni jina la baba yake, unapaswa kumtafuta chini ya R na chini ya S kabla hujakata tamaa. Kuna pia suala la tahajia. Krapf katika kamusi yake ya mwaka 1882 aliandika *Suahili*. Wajerumani waliandika *Suaheli*. Anayetafuta "Kiswahili" peke yake hujifungia nje ya kazi nyingi za karne ya 19.

Mfano unaotuuma zaidi ni wa jarida. Jarida ambalo leo tunalijua kwa jina la *Kiswahili*, linalotolewa Dar es Salaam, lilianza kama bulletini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, likabadilishwa jina zaidi ya mara moja, na kwa muda fulani liliitwa *Swahili* tu. Katalogi huweza kuyaweka majina hayo kama majarida tofauti. Mwanafunzi akipata moja hudhani amemaliza. Sasa jambo lenyewe ni hili: tangu mwaka 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 makao ya Kamati hiyo yalikuwa Makerere, hapa Kampala. Wanafunzi wetu husoma kwamba usanifishaji wa Kiswahili ni habari ya Zanzibar na Dar es Salaam, na kwamba Uganda ni mgeni aliyechelewa karamuni. Ushahidi wa kinyume chake umo katika jarida wasiloweza kulitafuta. Stadi za habari hapa si jambo la alama za mtihani tu. Mtu asiyejua kutafuta hupokonywa hata historia yake bila mtu yeyote kumpokonya.

Turudi kwa mwanafunzi wetu na tasnifu yake. Aliandika kwamba neno "barakoa" lilibuniwa mwaka 2020 ili kutaja kifaa cha kuziba pua na mdomo. Alikuwa amelitafuta kwenye intaneti, akakuta kurasa na kurasa za mwaka 2020 na 2021, akahitimisha. Kwa mujibu wa vile viwango vitano hakukosea sana: alitambua hitaji, alipata habari, aliona vyanzo vingi vinaafikiana. Lakini wingi wa kurasa ulitokana na ugonjwa, haukutokana na umri wa neno. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo neno hilo, likiwa na maana ya vazi la kufunika uso wa mwanamke, na bibi yeyote wa pwani angemwambia hivyo kabla chai haijapoa. Kilichotokea mwaka 2020 ni neno la zamani kupewa kazi mpya, na hiyo ni mada tamu zaidi kuliko ile aliyoiandika. Tulipompa Johnson mkononi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi sura ya tatu yote naanza upya." Akaanza upya kweli.

Mwongozo mpya wa ACRL una wazo moja linalotufaa hapa, kwamba mamlaka ya chanzo hujengwa na watu na hutegemea muktadha. Nani ana mamlaka juu ya neno la Kiswahili? *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ina mamlaka, lakini ipi? Ya mwaka 1981, ya 2004 au ya 2013? Wanafunzi huandika "Kamusi" tu, kana kwamba ni kitabu kilichoshuka kimoja. Msemaji wa Lamu ana mamlaka juu ya msamiati wa uvuvi ambayo kamusi haina. Mchuuzi wa Kampala ana mamlaka juu ya Kiswahili cha soko lake. Programu ya akili unde huandika sentensi zilizonyooka, lakini kunyooka kwa sentensi hakuthibitishi kwamba makala inayotajwa iliwahi kuandikwa. Mwanafunzi anayejiuliza "nani anasema, na amejuaje?" angeyashuku yale makala manne mapema.

Kwa upande wa shule tutasema machache. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi afanye kazi ya mradi, akusanye habari mwenyewe na kuiwasilisha. Wazo ni zuri sana. Lakini walimu tuliowatembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha wametuonyesha maktaba ambazo ni kabati moja lenye kufuli, na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu aliyekwenda mkutanoni. Mtoto hupeleka mradi kwenye duka la fotokopi, ambako mwenye kompyuta humtafutia, humchapia na kumbania kwa bei moja. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kazi hiyo watatoka katika idara kama yetu. Wakitoka bila kujua marejeleo hutoka wapi, mwenye duka la fotokopi ataendelea kuwa mkutubi wa taifa.

Tusimwachie mkutubi lawama yote. Sisi walimu tunawasomea wanafunzi noti mwaka baada ya mwaka, noti ambazo nyingine tulizipata kwa walimu wetu, bila jina la mwandishi wala mwaka. Mwanafunzi hukariri, huzirudisha katika mtihani, nasi humpa alama. Kwa miaka mitatu tunamwonyesha kwamba maarifa huja bila chanzo, kisha mwaka wa mwisho tunashangaa anapoleta chanzo bila maarifa. Mmoja wetu alijaribu kutafuta asili ya maelezo fulani kuhusu vipindi vya fasihi ambayo ameyafundisha kwa zaidi ya miaka kumi. Hajaipata hadi leo, na ameyaondoa katika noti zake.

Mkutubi wetu, tulipomsomea rasimu ya makala haya, alikubali sehemu kubwa, akaongeza kwamba hajawahi hata mara moja kualikwa katika kikao cha Idara. Ni kweli. Tumekubaliana naye kwamba kuanzia muhula ujao wanafunzi wa mwaka wa pili watafanya naye zoezi la neno moja: kila mmoja apewe neno, alifuatilie kutoka kamusi ya zamani kabisa atakayoipata hadi *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya mwaka 2015, amuulize na msemaji mmoja aliye hai, kisha aeleze wapi vyanzo vinatofautiana. Jaribio la maswali ya kuchagua litaondolewa kwa kundi hilo. Nakala ya Johnson iliyopo maktabani imepoteza kurasa za herufi M, yaani sehemu nene kuliko zote. Mwenzetu yeyote mwenye nakala kamili tunamwomba aiazime Idara kwa muhula mmoja, na aliye na matoleo ya jarida la Kamati ya miaka ya Makerere tutamshukuru zaidi.