Koa Aliyemeza Maziwa Matatu

Kuna ramani moja ya zamani ambayo kila nikimwonesha mtu, lazima acheke. Na mimi nilicheka. Katikati ya Afrika Mashariki, pale ambapo mtoto wa shule ya msingi angekuchorea Victoria, Tanganyika na Nyasa, limelala dude moja la bahari, nene, limejipinda, toka karibu na ikweta kuteremka mpaka pande za Nyasa. Waingereza walipoliona wakasema ni koa, yule konokono asiye na nyumba, na jina likaganda.

Jina lake halisi ni refu na la adabu. Linasema huu ni mchoro tu wa sehemu ya Afrika Mashariki na Kati, kwamba mahali ilipo Bahari ya Uniamesi ni pa kukisia, na kwamba ndani yake mna njia za misafara. Walioichora ni wamisionari wawili Wajerumani wa Rabai, nyuma ya Mombasa: Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Ilichapwa mwaka 1855, na mwaka uliofuata ikazua mjadala London. Uniamesi, kama umeshahisi, ni Unyamwezi. Yaani bahari imebatizwa jina la nchi ya Tabora, ambako mtu akitaka kuona ziwa inambidi atembee siku nyingi!

Sasa, mimi ramani nazisoma kama ninavyosoma hadithi. Nauliza: nani anasimulia, na nani kaandika? Hapo ndipo kicheko changu kilipoanza kukauka.

Erhardt hakwenda bara. Mwaka 1854 alikaa Tanga miezi kadhaa, akiwasikiliza watu wa misafara. Waliotoka Kilwa walisema njia yao inaishia kwenye maji makubwa. Wa Mrima, waliopita Unyamwezi mpaka Ujiji, wakasema hivyohivyo. Wa Tanga na Pangani, wanaokatiza Umasai, nao walikuwa na maji yao. Erhardt aliporudi Rabai wakakaa na Rebmann kuupigia akili mkanganyiko huu, na wenyewe walisimulia kwamba jibu liliwajia wote wawili kwa wakati mmoja. Maji makubwa huku, maji makubwa kule: basi ni maji mamoja!

Kama umewahi kuhariri hadithi za watu, naamini mwili umekusisimka. Wasimulizi watatu wamekuletea hadithi tatu zinazofanana, nawe kwa furaha ya kuona mfanano ukazishona kuwa moja. Na lugha nayo ikamchezea mshonaji. Nyasa, nyanja, nyanza: ni neno lilelile likibadilika kinywani kutoka watu hadi watu, na maana yake ni maji makubwa tu. Ukimuuliza mtu amefika wapi akakujibu "Nyanza", na mwenzake akakwambia "Nyasa", utadhani wanataja mahali pamoja.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: wasimulizi wa Tanga hawakukosea. Kila mmoja alisema kweli kuhusu njia yake. Kilichokosewa ni kile kilichochorwa katikati ya njia na njia, mahali ambapo hakuna aliyesimulia. Lakini aliyebeba lawama miaka yote hii ni nani? Ni "maneno ya kusikia". Eti wenyeji na wafanyabiashara walimdanganya mzungu wa watu.

Ushahidi upo, na umetoka kwa mtu asiyependa sana kumsifu mwingine. Richard Burton na John Hanning Speke walipotumwa na Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme kwenda kulitafuta ziwa hilo, walifika Kazeh, Tabora ya leo, mwishoni mwa 1857. Hapo wakakutana na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Speke mwenyewe ameandika kwamba Snay ndiye aliyemfumbulia fumbo: wamisionari wameunganisha maziwa matatu. Kabla ya Ujiji, Februari 1858. Kabla ya Speke kuiona Nyanza, Agosti mwaka uleule. Yaani koa alikatwa vipande vitatu kwa mazungumzo, kabla wageni hawajaloweka hata kidole. Kumbe maneno ya kusikia yalitosha, ila walihitaji mtu aliyezijua njia zote.

Halafu linganisha na milima ya Kong. James Rennell aliichora mwaka 1798, safu ndefu ikikatiza Afrika Magharibi, na wachora ramani wakanakiliana wee, karibu karne nzima, mpaka Binger alipopita huko mwishoni mwa miaka ya 1880 asiione. Milima hiyo ilisimama kwa sababu wasomi walisomana wao kwa wao. Koa hakumaliza hata miaka mitatu. Nani hapa anastahili kuchekwa zaidi?

Sisemi Erhardt na Rebmann walikuwa wasikilizaji wabaya. Rebmann alishasema mwaka 1848 kwamba ameona theluji Kilimanjaro, na William Desborough Cooley, aliyekuwa amejikalia London, akambishia kwa miaka. Rebmann alijua vizuri maana ya kutoaminiwa. Ndiyo maana kinachoniuma katika ramani yake si ziwa. Ni kwamba waliochora wana majina, Snay ana jina, lakini waliokaa Tanga wakihesabu siku na vituo mpaka bara nzima ikajaa karatasini, ramani haiwataji. Wamebaki mistari.

Ukipata nakala yake, anza na hiyo mistari. Mimi nilianzia Kilwa, nikapanda nayo polepole kituo kwa kituo. Koa nilimwacha mwisho.