Pongezi kwa jimbo lisilo na waumini

Kanisa Katoliki halifuti jimbo lililokufa. Hulitunza jina, likampa askofu asiye na jimbo kamili. Hongera kwao, maana sisi huwa wepesi wa kusahau. Mojawapo ya majimbo hayo ni Ostracine, mji wa enzi za Warumi pwani ya Sinai, Misri, uliobaki magofu mchangani. Josephus aliandika kwamba haukuwa na maji. Wenyeji waliyatoa kwingine. Mmakonde wa uwandani, kusini mwa Tanzania, aliyewahi kuteremka bonde la Kitangari na ndoo, kisha akaupanda mlima nayo kichwani, hahitaji kuelezwa. Jina la Ostracine alipewa Cassian Spiss, Mbenediktini aliyesimamia misheni za huko kusini, Lukuledi na Nyangao zikiwemo. Aliuawa Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, akielekea Liwale.