Misi ya Turbo: Jinsi Sababu Yake Inavyotafutwa

Miongoni mwa maradhi ya injini yanayowala mafundi wasaa na wenye magari fedha, ni machache yanayoipita misi ya turbo, yaani ile hali ya gari lililoongezewa nguvu kuanza kukatakata na kupiga vishindo katika ekzosi mara mshale wa mizunguko unapopanda, ilhali katika mwendo wa kawaida halina dosari hata moja. Kwa kuwa kasoro hujidhihirisha mshale ukiwa juu, hukumu inayotolewa kwa haraka ni kwamba wingi wa mizunguko ndio sababu. Na hukumu hiyo, aghalabu, ni batili. Mizunguko na mzigo hupanda pamoja katika injini ya turbo, na kazi ya kwanza ya mchunguzi ni kuvitenga viwili hivyo kabla hajanunua kifaa chochote.

Na tuchukue Subaru Impreza WRX, gari linalofahamika sana katika barabara za Kenya na Tanzania, lenye injini ya EJ20 ambayo silinda zake nne zimelazwa mbili kila upande, na ambayo ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,994. Tuseme mwenyewe ameupandisha msukumo wa turbo hadi baa 1.2, amebadilisha injekta na pampu ya petroli, na kompyuta ya injini imepangwa upya. Kisha, akikanyaga mafuta hadi mwisho katika gia ya tatu, gari linaanza kumisi mshale unapofika mizunguko 5,500 kwa dakika.

Jaribio la kwanza halina gharama. Gari lisimame, gia itolewe, injini iliyokwisha kupata moto ipandishwe kwa muda mfupi hadi mizunguko ile ile. Ikiwa inamisi hapo pia, pasipo mzigo wowote, basi shaka iende kwenye sensa ya krenki inayopoteza ishara, au springi za vali zilizochoka, au kikomo kilichowekwa ndani ya kompyuta. Lakini ikiwa imepanda pasipo kuyumba, jaribio la pili lifanyike mahali palipo salama, kwa gia ya nne. Katika gia hiyo injini huongeza mizunguko polepole zaidi, turbo ikapata nafasi ya kufikia msukumo wake kamili mapema, mshale ukiwa bado chini. Na endapo misi sasa inaanzia mizunguko 4,800 badala ya 5,500, huku kipimo cha msukumo kikisoma baa 1.2 kama awali, imekwisha kuthibitika kwamba kasoro inaufuata msukumo, na kwamba mizunguko ilikuwa inasingiziwa.

Mshukiwa wa kwanza ni cheche. Kwa nini msukumo uizime? Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili umeme uruke katika gesi hutegemea shinikizo la gesi hiyo na upana wa nafasi inayorukwa. Katika hali ya silinda, shinikizo likizidi, volti zinazotakiwa huzidi. Koili iliyotosha kwa msukumo wa kiwandani yaweza isitoshe kwa msukumo wa baa 1.2, na umeme uliokosa nguvu ya kuruka kati ya ncha za plagi hutafuta njia nyingine, au hauruki kabisa. Ama muda wa kuichaji koili, huo si haba kama wengi wanavyodhani: katika mizunguko 6,000 kila silinda huwashwa mara 50 kwa sekunde, yaani mara moja kila milisekunde 20, na koili inayohudumia plagi moja kwa kawaida huhitaji milisekunde chache tu.

Hata hivyo, petroli nayo yaweza kuufuata msukumo, kwa sababu hewa ikizidi petroli nayo hutakiwa kuzidi; na hapa ndipo penye mtego uliowanasa mafundi wengi hodari. Sensa ya ekzosi haipimi petroli, inapima oksijeni iliyosalia. Silinda ikikosa kuwaka, hewa yake yote hutoka na oksijeni yake, nayo sensa ikatoa habari kwamba petroli imepungua, hata kama ilikuwa ya kutosha. Fundi anayeiamini habari hiyo akaongeza petroli huzilowanisha plagi, akaizidisha misi, na petroli isiyoungua ikaenda kuungulia katika katalisti na kuiharibu. Kinachoamua ni utaratibu wa matukio katika kumbukumbu za kompyuta. Upungufu wa kweli wa petroli aghalabu hunyemelea: shinikizo la petroli, ambalo kwa mfumo wa baa 3 lilipaswa kuwa baa 4.2 turbo ikiwa kamili, huanza kushuka, au injekta hukaribia kubaki wazi muda wote, na misi hufuata baadaye. Lakini kama shinikizo limesimama imara, na injekta ziko wazi milisekunde 17 katika 21.8 zilizopo kwenye mizunguko 5,500, na usomaji wa oksijeni umeruka kwa ghafula baada ya kishindo cha kwanza, basi petroli haina hatia.

Ndipo plagi zitolewe. Katika gari hili zimelala ubavuni, na ili kuzifikia hubidi betri iondolewe upande wa kushoto na boksi la kichujio cha hewa upande wa kulia. Kila moja itazamwe kaure yake: mstari mwembamba mweusi unaoteremka kutoka juu hadi kwenye chuma ni ushahidi kwamba umeme ulipitia nje, na plagi hiyo haifai tena. Zilizo nzima zipunguzwe nafasi, mathalan kutoka milimita 0.8 hadi 0.6, kwa kuugonga taratibu mkono wa nje pekee, kwani ncha ya kati ya iridiamu ni nyembamba na huvunjika. Gari lirudishwe barabarani kwa gia ile ile na msukumo ule ule, pasipo kubadilishwa kitu kingine. Misi ikitoweka, imethibitika kuwa cheche ndiyo iliyopungukiwa.

Hiyo ni ithibati, wala si lazima iwe tiba kamili, kwa kuwa nafasi finyu mno huidhoofisha cheche wakati injini inapozunguka taratibu. Volti zipimwe kwenye kiungio cha waya wa koili, mafuta yakiwa yamekanyagwa, maana pampu kubwa ya petroli yaweza kuushusha umeme uliokuwa volti 14. Na ikiwa kompyuta imetaja silinda moja, tuseme kwa alama P0303, koili ya silinda ya tatu ibadilishane nafasi na ya kwanza, zilizo upande mmoja, ili ionekane kama lawama inahama pamoja nayo.

Hoja hii ina natija hata kwa msafiri. Springi ya westigeti, yaani ile vali inayodhibiti msukumo wa turbo, hushikilia msukumo juu ya hewa ya mahali, na hewa ya Nairobi, iliyo takriban mita 1,800 juu ya bahari, ina shinikizo la karibu baa 0.82, ilhali ya Mombasa ni karibu baa 1.01. Baa 1.2 za kipimo, zikijumlishwa na hewa hiyo, ni baa 2.02 Nairobi, na 2.21 Mombasa. Gari lililopangwa bara kwa cheche iliyotosha kwa shida laweza kumisi pwani pasipo kuguswa na mtu; kwa hiyo anayelipanga Nairobi na aache akiba katika cheche, na katika petroli pia, kwa ajili ya mteremko wa Mombasa.